Kijana Kwenye Kamati: Mjumbe au Pambo?

SWALI: Ndugu Mhariri, kijijini kwetu vijana wawili wamo kwenye kamati ya ujenzi wa zahanati. Huitwa siku ya kikao, husaini daftari la mahudhurio na kupigwa picha, lakini fundi alikwisha kupatikana na bei ya matofali ilikwisha kukubaliwa kabla hawajaitwa. Mwenyekiti anasema vijana wameshirikishwa. Je, ni kweli?
Msomaji, Kilosa

JIBU: Ndugu msomaji, mwaka 1992 Roger Hart, akiandikia UNICEF kuhusu watoto na vijana, alieleza ushiriki kwa mfano wa ngazi yenye vidato vinane, akifuata ngazi ya ushiriki wa wananchi iliyochorwa na Sherry Arnstein mwaka 1969. Vidato vitatu vya chini, yaani kutumiwa, kuwekwa kama pambo na kuwakilishwa kwa jina tu, Hart hakuvihesabu kuwa ushiriki hata kidogo. Kwa maelezo yako, vijana wenu wamo kwenye kidato cha tatu, posho ya kikao walipwe wasilipwe.

Ushiriki huanza kidato cha nne, ambapo kijana hupangiwa kazi akiwa ameelezwa sababu yake. Cha tano huombwa maoni na kuambiwa yalivyotumika. Kidato cha sita ndicho kinachowahusu ninyi zaidi: wazo ni la wakubwa, ila uamuzi hufanywa na wote. Wengi hudhani kileleni wamo vijana wanaoamua peke yao, kumbe hicho ni cha saba. Cha nane ni pale vijana wanapoleta wazo, kisha wakaamua pamoja na wakubwa. Hart mwenyewe hakudai kwamba kila shughuli ifike huko, nami naona kamati ya ujenzi ikitulia kwenye kidato cha sita inatosha.

Tena, ikiwa vijana hao wametimiza miaka 18, wao si wageni waalikwa: kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, kila mkazi wa umri huo ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Basi waombe makadirio ya gharama siku kadhaa kabla ya kikao, si mlangoni, na wadai muhtasari uonyeshe walichopendekeza na sababu ya kukubaliwa au kukataliwa. Mwenyekiti akikataa, hoja hiyo ipelekwe kwenye mkutano mkuu, mbele ya wanakijiji wote.