Kitara cha babu kinaota kutu ndani ya gari

*Shikamoo fundi. Nakodisha vazi la bwana harusi hapa Wete: majoho, vilemba, majambia mawili na vitara viwili, zile panga za bwana harusi. Kitara kimoja nilikinunua mjini Unguja, kinang'ara kama kijiko. Cha pili ni cha babu mzaa baba, mpini wake umezungushiwa uzi wa fedha na ala yake ni ya mbao iliyovikwa ngozi. Kuanzia Mfunguo Mosi harusi ni mfululizo, leo Konde, kesho Mkoani, mara nyengine tunavuka na gari hadi Unguja. Nimechoka kupakia na kupakua, kwa hivyo vitara vinalala ndani ya Noah, nyuma kabisa, ubavuni mwa tairi la akiba. Nimevifunga gazeti, juu yake nailoni. Mvua haijapatapo kuingia ndani ya gari hata tone. Juzi nimechomoa cha babu nikakuta madoa ya rangi ya tambuu karibu na mpini, na fedha imekuwa nyeusi. Jirani kaniambia nipake mafuta ya makonyo, yale ya vikonyo vya karafuu, shemeji yangu anasema ya nazi, mume wangu anataka nitie mchele ndani ya ala. Nimsikilize nani?*
*Mpambaji, Wete*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye neno "nailoni".

Kwamba mvua haikuingia garini nakusadiki. Maji yaliyokidhuru kitara yalikuwamo humo humo hewani. Umepata kununua juisi ya miwa yenye barafu pale Forodhani? Gilasi haijatoboka, lakini nje inachuruzika na kukurowesha mkono. Chuma ndivyo kilivyo. Mnatoka Chake na kiyoyozi kimewashwa, vioo vimefungwa, kitara kimepoa hadi kufikia nyuzi 22. Mnafika Konde, milango inafunguliwa, watoto wa harusi wanavamia gari. Hewa ya nje ina nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, na hewa ya namna hiyo hutona umande juu ya chochote kilicho chini ya nyuzi 26 hivi. Kitara chako kinatoka jasho ndani ya ala, wewe uko nje unamfunga mtu kilemba. Usiku gari nalo linapoa, asubuhi jua linalipiga, mchana ndani mnapita nyuzi 50, jioni mvua inashuka na bati linapoa ghafla. Upanga uliotundikwa ukutani nyumbani hauoni misukosuko hiyo hata kwa mwezi mzima.

Sasa juu ya jasho hilo wewe umefunga nailoni. Gazeti limenywa maji na nailoni imeyazuia yasitoke.

Nami haya nimejifunza kwa aibu. Mwaka mmoja, masika, nilimwazima jamaa yangu kitara kwa harusi ya Makunduchi. Kilikuwa kimelala siku tisa chini ya kiti cha gari yake ya kubebea mizigo. Bwana harusi katoka, tarumbeta zinapigwa, akataka kukichomoa apigwe picha. Hakikutoka. Akavuta tena. Mjomba wake akaishika ala, yeye kashika mpini, wakawa wanavutana kama watu wanaogombea kamba ya mbuzi, na kina mama kwa kucheka hata vigelegele vikakatika. Mbao ya ala ilikuwa imenywa unyevu ikavimba, na kutu imeziba penye mwanya. Nilikitoa kesho yake nyumbani, kwa mafuta na subira, na ile ngozi ya mdomoni ilichanika.

Ala ndiyo mahala pa kuanzia. Watu huiona ni nyumba ya upanga. Miye naiita nguo ya sherehe. Ngozi inatengenezwa kwa dawa zenye asidi na chumvi, na ikipata unyevu hivyo vyote vinarejea juu ya chuma. Ndiyo maana madoa yako yako karibu na mpini, penye mdomo wa ala, panapoingia hewa mpya kila gari likifunguliwa. Kwa hivyo safarini kitara kiende mbali na ala yake. Kishonee mfuko mrefu wa marekani iliyofuliwa mara mbili mpaka wanga umekwisha, ala uishonee mfuko wake. Ncha na makali yavalishe kwanza kipande cha bomba laini la plastiki, usije ukamkata mtu anayetafuta kilemba. Mkifika na chuma bado kina ubaridi, kiache ndani ya mfuko robo saa kipate joto la nje, ndipo ukifungue. Kitie ndani ya ala pale bwana harusi anapotoka, na ukitoe mkimaliza picha.

Kabla ya kukipaka chochote, kisafishe. Pangusa bapa kwa kitambaa cha pamba chenye spiriti, maana kila aliyekishika ameacha jasho la vidole, na jasho ni chumvi. Kuhusu chumvi, angalia kikopo chako cha jikoni wakati wa masika: kinaloa chenyewe bila ya mtu kukitia maji. Hewa ikifika asilimia 75 ya unyevu, chumvi huyavuta maji mpaka ikayeyuka. Sasa fikiria gari iliyopanda meli pale Mkoani, mmeacha kioo wazi kidogo "ipate hewa", upepo wa kusi unarusha marasharasha. Ile chembe ndogo ya chumvi juu ya chuma ni kisima. Ukishuka bandarini tu, kabla hata ya kwenda kuwasalimia wenyeji wako, kitoe ukipanguse.

Kisha mafuta. Tumia mafuta ya cherehani, matone matatu manne tu, uyasambaze kwa kitambaa mpaka uone kama hujapaka kitu. Masika rudia kila wiki, kiangazi kila mwezi kunatosha. Madoa uliyoyakuta yapake mafuta hayo hayo, yalale usiku mmoja, kisha usugue taratibu kwa nyuzi za chuma zile laini kabisa, zenye alama 0000, ukifuata urefu wa bapa. Kutu nyekundu ikitoka, weusi ukibaki, uache. Weusi huo ni umri wake. Ndimu na jivu, dawa ya mabibi zetu, nzuri kwa sinia za shaba. Ndimu kwa upanga ni asidi juu ya asidi.

Hicho kingine kinachong'ara kama kijiko kimechovywa maji ya kromu, usikiguse kwa nyuzi za chuma hata kidogo. Ukiukwangua ule ung'avu, kutu itapita chini yake na kuubabua kama ganda la kitunguu. Kipanguse, kitie mafuta, basi.

Sasa ushauri wa majirani. Mafuta ya nazi hapana: yanachacha, yanashika vumbi, na kipupwe kikiingia yanaganda, hilo unaliona kwenye chupa yako ya kujipaka. Mchele wa mume wako haunywi maji ya kutosha, tena utaacha unga ndani ya ala na unga utaita wadudu. Mwambie kwa upole. Zile punje za silika zinazokuja na viatu vipya ni bora zaidi, lakini zinafaa ndani ya kasha linalofungwa kikiki. Kuzitupa ndani ya gari inayofunguliwa kila dakika ni kuteka bahari kwa kikombe.

Jirani wa makonyo kanifurahisha, maana amekaribia jambo la kweli bila kujua. Wajapani, ambao kwa kutunza panga hawana mfano, wanayo mafuta yanayoitwa choji, na choji kwao ni karafuu. Pemba ingejivunia! Lakini ndani ya chupa hiyo mafuta ya karafuu ni kidogo sana, ni ya harufu. Yaliyobaki ni mafuta laini ya madini, ndugu wa hayo ya cherehani. Mafuta matupu ya makonyo, kama yanavyotoka kiwandani Wawi, ni makali: yanaunguza ngozi ya mkono, yanaweza kulainisha plastiki na kuvua varnishi ya mbao. Ukipenda harufu ya nyumbani, tia tone moja ndani ya kichupa cha mafuta ya cherehani, wala lisifike kwenye mpini.

Fedha imekuwa nyeusi kwa sababu ya jirani yake garini. Mpira wa tairi unatoa salfa, na salfa ndiyo inayoipaka fedha weusi. Isugue kwa kitambaa laini kikavu, pole pole. Dawa ya meno inakwaruza. Vitara vihamie mbele, juu ya kiti, pamoja na majoho.

Nimeacha la mwisho kwa kuwa najua hutalipenda. Kitara cha babu kisilale tena garini, hata usiku mmoja. Mipini mingi ya zamani imeshikizwa kwa lakiri au utomvu, na joto la gari iliyofungwa juani hulainisha vyote hivyo. Siku moja mtu atakiinua kwa picha, bapa limwangukie mguuni. Kodisha cha kromu. Cha babu kitoke kwa harusi za ukoo wenu tu, kikiwa mapajani mwa mtu mzima, na kirudi nyumbani siku ile ile. Kitundike chumbani kwenye ukuta wa ndani, usio na mvua upande wa pili. Anayekitaka kwa kukodi aongeze pesa? Mimi ningemkatalia hata hivyo.

*Fundi, ala ya jambia langu ni ya ngozi, imeota ukungu mweupe tangu masika. Niianike juani?*
*Msomaji, Makunduchi*

Juani itakakamaa na kupasuka, na mishono ya fedha itang'oka. Toka nayo nje, uipige brashi kavu huku upepo ukiwa mgongoni mwako, usije ukauvuta ukungu huo. Kisha itundike barazani kivulini siku tatu nne, mdomo ukitazama chini. Jambia lenyewe lipanguse, lipake mafuta, ulikunje ndani ya kitambaa na ulifungie kabatini hadi ala ikauke kabisa ndani. Kujua kama imekauka, tumbukiza kipande cha karatasi ya chooni usiku, asubuhi kikitoka kimelegea, iache siku mbili nyengine.