Watamu: tazama mwezi kabla ya kulipia mashua

Swali la wiki hii lilikuwa: mgeni mwenye siku tatu katika mji wa pwani afanye nini? Najibu kwa Watamu, Kaunti ya Kilifi, kwa sababu hapa wageni wengi hupoteza siku nzima kwa kwenda mahali pazuri saa mbaya. Mambo yote muhimu ya Watamu yanafuata maji.

Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, siku moja mbili baadaye huwa bamvua. Hapo maji hutoka mbali sana; hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi na kujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: tofauti ya kupwa na kujaa ni ndogo, na saa hizo hizo za asubuhi utakuta bahari imejaa.

Kwa hiyo siku ya bamvua ndiyo ya mashua. Hifadhi ya Bahari ya Watamu ilitengwa mwaka 1968, na matumbawe yake huonekana vizuri zaidi maji yakiwa machache na yametulia. Ada ya hifadhi hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, na Mkenya halipi sawa na mgeni wa nje. Mwulize nahodha mapema kama bei yake imejumlisha ada hiyo, maana ugomvi mwingi wa ufukweni huanzia hapo. Miwani ya kuzamia ijaribu nchi kavu: ibandike usoni bila kufunga mkanda, vuta pumzi kwa pua, uiachie. Ikianguka, omba nyingine. Masharubu mazito huingiza maji hata kama miwani ni mpya. Ukiwa majini usisimame juu ya matumbawe. Unayavunja, nayo yanakukata, na kidonda cha matumbawe hakiponi upesi.

Fungu la mchanga linalojitokeza siku hizo ni zuri mno, lakini lina hatari yake. Maji yakianza kurudi hayaanzi kufunika fungu; huanza kujaza mkondo ulio kati yake na ufukwe. Mtu anaangalia miguu yake, anaona mchanga mkavu, anaendelea kupiga picha. Akigeuka, njia aliyojia imemfika kifuani na mkondo unavuta. Ondoka maji yakianza tu kugeuka. Na vaa viatu vya mpira, kuna wale wanyama wa miiba mirefu myeusi katika kila shimo la mwamba.

Alasiri ya siku hiyo hiyo nenda Mida Creek, hori lenye mikoko jirani na Watamu. Fika yakiwa yamebaki masaa mawili au matatu maji yajae, kwa sababu yanapopanda juu ya tope huwasukuma ndege karibu na kingo. Ukifika maji yametoka, utaona vidoadoa tu kwa mbali. Kati ya Oktoba na Machi utamwona ndege mlakaa (crab plover), mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene. Kisha pita kwenye daraja la mbao katikati ya mikoko pale Dabaso, ule sambusa za kaa na kutazama jua likichwa. Ufukwe wa Watamu unatazama mashariki, usingoje machweo huko.

Siku inayobaki, au ukikuta maji mafu, ni ya magofu ya mji wa kale wa Gede, kilomita chache tu kwa tuktuk. Ingia asubuhi, kabla ya joto, na chukua mwongozaji langoni. Mwambie akuoneshe kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399, na kisima kirefu cha Msikiti Mkuu. Ndizi ziache hotelini. Kima wa Gede hawaombi, hunyakua. Msitu wa Arabuko-Sokoke uko jirani, lakini kwa kutazama ndege uwe umeshaingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndiyo maji maangavu. Kusi likivuma bahari huchafuka na mwani hujaa ufukweni, na aliyekuja kwa matumbawe atasikitika. Ila Julai hadi Septemba nyangumi hupita nje ya mwamba. Panda mashua alfajiri, upepo haujaamka.