Ucheze au ugome? Jiulizeni kwanza nani kamuuliza aliyeachwa

Swali lenu la wiki hii limenigusa penyewe. Mmeuliza mwenzako akiachwa nje ya timu kwa uonevu, ucheze au ugome? Wengi naona wanajibu chap chap, "ugome bana", na mi kidole kilikuwa tayari kuandika hivyo hivyo. Ila kuna kitu hamjauliza na ndicho kinachoniuma zaidi: hivi nani anaenda kumuuliza yule aliyeachwa? Maana lazima aulizwe, na akishaulizwa tu keshabebeshwa mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Mashindano ya shule mnayajua, siku mbili kabla ya safari ya mkoani jina langu likakatwa, nafasi akapewa mamluki ambaye hata darasa letu halijui. Usiku wenzangu wakaja bwenini, wamesimama pembeni ya kitanda, kapteni ananiuliza "sasa wewe unasemaje, tugome?" Jamani, ningejibu nini? Nikisema gomeni, timu ikifungiwa mi ndo niliyeiua. Nikasema nendeni mkacheze. Wakapumua, niliwasikia kabisa wakipumua.

Ndo maana stori ya timu ya Michigan ya mwaka 1934 huwa hainitoki. Futiboli ya Kimarekani najua wengi hatuifuatilii, lakini msimu ule mtu yeyote aliyewahi kuvaa jezi atauelewa. Chuo Kikuu cha Michigan pale Ann Arbor kilikuwa bingwa wa taifa 1932 na 1933. Halafu 1934 wakaporomoka vibaya sana, mechi 8 wakashinda 1 tu, wamefunga pointi 21 msimu mzima na kufungwa 143. Chuo cha Minnesota wakawapiga 34 kwa 0, Ohio State nao 34 kwa 0. Ushindi wenyewe huo mmoja ni wa tarehe 20 Oktoba dhidi ya chuo cha Georgia Tech, 9 kwa 2, na ndio mechi ya aibu kuliko zile 7 walizofungwa.

Kwenye timu alikuwepo Willis Ward, kijana mweusi wa Detroit, mwanariadha wa kiwango cha juu, huyu mwaka 1935 alikuja kumshinda Jesse Owens kwenye mbio fupi za ukumbini, Jesse Owens huyu huyu aliyetamba Olimpiki ya Berlin. Kabla ya Ward, Michigan haikuwa na mchezaji mweusi kwenye futiboli tangu George Jewett miaka ya 1890. Sasa Georgia Tech wanatoka Atlanta, Kusini mwa Marekani, na vyuo vya Kusini enzi hizo havikuingia uwanjani na timu yenye mtu mweusi. Wakasema Ward akicheza sisi hatuchezi. Na mkurugenzi wa michezo wa Michigan, Fielding Yost, akakubali.

Hapa naomba mnivumilie maana hii wiki ya Oktoba nimeifikiria mno. Wanafunzi walipinga, wakasaini karatasi, wakafanya mkutano usiku wa kuamkia mechi, kuna waliotishia kwenda kukaa katikati ya uwanja. Yost akakodi hadi mpelelezi wa kampuni ya upelelezi ya Pinkerton ajipenyeze kwa wanafunzi! Hela ya mpelelezi ipo, ila ubavu wa kuwaambia wageni "huyu ni mchezaji wetu, kama hamtaki rudini kwenu" haupo. Halafu wakatafuta kitu cha kuonekana haki, Michigan wamuweke Ward nje na Georgia Tech nao wamuweke nje mchezaji wao mmoja, Hoot Gibson. Mmoja kwa mmoja, eti ngoma droo. Hiki ndo kipande kinachonichoma kuliko vyote, kwa sababu Gibson alikaa nje siku moja na kesho yake ni Gibson yule yule, wakati Ward aliambiwa mbele ya dunia nzima kwamba chuo chake kinaweza kumkunja na kumweka kabatini wageni wakija.

Sasa rafiki yake kwenye timu, anayecheza katikati ya mstari wa mbele, alikuwa Gerald Ford. Ndiyo, yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani. Kwa simulizi yake mwenyewe alitaka kuacha kucheza, akampigia baba yake wa kambo, akaambiwa fuata wanachoamua makocha. Hakuridhika, akamwendea Ward. Ward akamwambia timu ina mwaka mbaya, tumeshafungwa mbili, una deni kwa timu, cheza. Akacheza. Na anasimulia kwamba mchezaji mmoja wa Georgia Tech alipomkejeli Ward, Ford na mwenzake walimkumba mpaka akatolewa nje.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na hasira na Ford. Nilitaka kusema ulimwendea Ward ili akutue mzigo wako, kama walivyonijia mimi bwenini. Ila sasa hivi naona Ford alikuwa na miaka 21, na aliyeuliza angalau aliuliza. Yost alikuwa mtu mzima, kocha Harry Kipke alikuwa mtu mzima, na ni Kipke huyo huyo aliyemleta Ward kwenye timu. Watu wazima wanakubali uonevu ofisini halafu vijana wawili wa miaka 21 ndo wanaachiwa wagawane uchungu. Na Ford hakulisahau, mwaka 1999 akiwa mzee aliandika gazetini kutetea sera ya Michigan ya kuwapa nafasi wanafunzi weusi na wengine walioachwa nyuma, akamtaja Ward kwa jina. Hilo nalihesabu, ingawa miaka 65 ni mingi.

Kwa Ward mwenyewe jeraha halikupona haraka. Alikuja kusema mechi ile ilimkata hamu, hata mazoezi ya kwenda Olimpiki ya 1936 hakuyafanya kwa moyo, asije akafika Berlin akaambiwa tena kaa pembeni. Na hakuwaza vibaya, maana kule Berlin mwana-Michigan mwingine, Sam Stoller, Myahudi, aliondolewa kwenye timu ya kupokezana vijiti karibu kabisa na mbio. Ward akasoma sheria, akafika kuwa jaji.

Kwa hiyo kura yangu, na sikutegemea kuiandika hivi, niwekeni kwa wanaosema acheze. Mchezaji asibebeshwe kosa la aliyekubali masharti, mwenye kugoma wa kwanza awe kocha, na wa pili awe mkurugenzi. Ila kwa sharti, ukiamua kucheza amua mwenyewe, usiende kwa aliyeachwa kutafuta ruhusa. Nenda kwake umwambie ulichoamua, basi. Na mechi kama ile ya Georgia Tech, ambayo haikuwa hata ya ligi yao, haina pointi ya kupoteza wala kombe, hiyo hapana, hiyo ningegoma.