Shangazi, dada yangu ndiye mama yangu

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 19, kitindamimba wa watoto sita, kwetu ni Rombo. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu na ninatafuta cheti cha kuzaliwa ili niombe mkopo wa chuo. Kila nikimuuliza mama, ananiambia subiri, dada yako atashughulikia. Juzi alipokwenda sokoni nikafungua sanduku lake la bati. Nikakuta tangazo langu la kizazi, ile karatasi inayotolewa mtoto akizaliwa, limekunjwa pamoja na kadi ya kliniki ya mjamzito. Jina si la mama. Ni la dada anayeishi Dar. Umri: miaka 16. Mimba ya kwanza. Kwenye baba wamechora mstari. Tangu siku hiyo chakula hakipiti. Dada anakuja Krismasi na mumewe na watoto wao wawili, ambao huniita mama mdogo. Nitamwamkiaje? Na baba yangu ni nani?*
*Kitindamimba, Rombo*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kilichonikaa rohoni ni hao watoto wawili wanaokuita mama mdogo. Karatasi moja imegeuza majina ya nyumba nzima: mama amekuwa bibi, kaka zako wajomba, shemeji baba wa kambo, na hao wapwa ni wadogo zako wa tumbo moja. Nani angekuwa na hamu ya kula? Ila huna sababu ya kubadilisha jina la mtu yeyote wiki hii. Aliyekuamsha alfajiri uende shule miaka yote hiyo mwite mama mpaka mwisho wa uhai wake, na hutakuwa umesema uongo.

Piga hesabu ya mwaka uliozaliwa. Wakati ule binti wa sekondari akigundulika ana mimba, shule ilikuwa imekwisha. Ruhusa ya kurudi darasani baada ya kujifungua serikali iliitangaza Novemba 2021, wewe mwenyewe ukiwa tayari msichana wa sekondari. Kwa hiyo huyo bibi yako alikuwa na watoto wawili wa kuficha kwa mpigo, wewe na mama yako. Nyumba nyingi zilifanya hivyo hivyo: binti anapelekwa kwa ndugu wa mbali, mtoto anarudi mgongoni mwa bibi, binti anaanza upya shule nyingine kama vile hakuna lililotokea. Mtaani nilikokulia alikuwepo mmoja wa namna hiyo. Watu wazima wote walijua. Tusiojua tulikuwa sisi watoto, pamoja na yeye mwenyewe.

Sisemi walifanya sawa. Kumficha mtoto wa miaka mitano ninaweza kuelewa. Kumwacha afike kwenye fomu za serikali bila kujua amezaliwa na nani, hapo nina ugomvi nao. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 6, inampa mtoto haki ya jina, ya uraia, na ya kuwajua wazazi waliomzaa. Wakikutupia ile ya "kitanda hakizai haramu", ujue mara nyingi hutolewa ili mtu aache kuuliza.

Sasa, zungumza na mama aliyekulea, na usingoje Krismasi, kwa sababu dirisha la mkopo halingoji. Bodi ya mikopo inataka cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi. Ninachoogopa ni nyumba kuamua kimya kimya kwamba bibi aandikwe mama mzazi ili mambo yaishe. Kataa kwa adabu. Karatasi zikishapishana utahangaika nazo mpaka kwenye ajira na mirathi. Chukua tangazo hilo, nenda ofisi ya usajili pale wilayani, waeleze hali ilivyo na uulize utaratibu kabla hujajaza chochote.

Chagua jioni mkiwa wawili, mnamenya ndizi. Mwambie wazi kwamba ulifungua sanduku. Usijifanye umesikia kwa watu, atawatafuta hao watu. Sema tu: "Mama, nimeiona kadi. Siendi popote. Nataka unieleze." Akilia mwache alie. Akikukaripia kwa kupekua, omba radhi kwa kupekua, halafu urudie swali.

Kisha yeye ndiye ampigie dada. Wewe usimtumie ujumbe. Simu ya mama mwenye watoto inashikwa na kila mtu, na hujui kama shemeji anajua. Pengine anajua. Pengine yeye ndiye sababu ya kimya chote hiki. Hilo ni la dada kulisema, kwa wakati wake. Na siku ya Krismasi yenyewe usiliguse kabisa, nyumba imejaa, mbuzi yuko motoni, wajomba wameshashika mbege. Hapo jambo dogo tu linageuka kesi ya ukoo.

Kuhusu baba nakuomba uvumilivu ambao ni mgumu. Swali hilo lisiulizwe siku moja na la mama. Mstari ule kwenye karatasi unaweza kuwa mvulana wa darasani kwao aliyeogopa. Unaweza kuwa mtu mzima ambaye, kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, alipaswa kusimama kizimbani, maana ridhaa ya msichana wa miaka 16 haihesabiwi. Unaweza kuwa mtu anayekaa hapo hapo kijijini. Mama yako mzazi alikuwa mdogo kuliko ulivyo wewe leo. Muulize, ni haki yako, lakini mkiwa peke yenu, na akisema "siyo leo" mpe siku nyingine. Asipotaja kabisa, niandikie tena. Yapo mengine ya kufanya, ila si kabla yeye hajapewa nafasi ya kusema.

Umeniuliza utamwamkiaje akishuka kwenye basi. "Shikamoo dada", kama siku zote, halafu umpokee begi. Kama bibi ameshampigia, utaona mwenyewe jinsi atakavyoitikia.