Kwa mdogo wetu wa PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) anayeuliza kuhusu digrii ya uhandisi wa mazingira

Mdogo wangu, umeuliza mambo matatu: kama uhandisi wa mazingira una hesabu kama sivil, kama kazi zipo huku kanda ya ziwa, na ujiandae na nini ukiwa bado Nyakato, hapa Mwanza, unasubiri udahili. Wachangiaji walionitangulia hapa wamekueleza habari za kupanda miti na usafi wa mitaa. Hizo ni kazi njema, lakini si hii kozi. Nitajibu kwa urefu, kwa sababu wengi wanajaza fomu bila kujua wanaomba nini.

Anza na jina la kozi. Kuna sayansi ya mazingira, usimamizi wa mazingira, afya ya mazingira, na uhandisi wa mazingira. Ukitaka kusajiliwa na ERB, yaani Bodi ya Usajili wa Wahandisi, unahitaji hiyo ya mwisho. Ni miaka minne, na Chuo Kikuu Ardhi pale Dar es Salaam wanaifundisha. Fungua mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka unaoombea, usome sifa za kozi yenyewe, kisha uhakikishe ERB wanaitambua shahada hiyo ya chuo hicho. Kwa PCM hautapata shida. Wenzako wa PGM (Fizikia, Jiografia, Hisabati) wasome kwa makini sharti la kemia.

Sasa hesabu. Ndiyo, zipo, na mwaka wa kwanza utakaa darasa moja la kalkulasi na wa sivil. Mekanika, uchoraji wa kihandisi, upimaji ardhi, kemia na programu za kompyuta ziko hapo hapo. Mwaka wa pili zinaingia mekanika ya vimiminika, haidrolojia, mikrobiolojia na takwimu. Hapo ndipo sapu (mitihani ya marudio) zinapoanza, hasa kwa waliokariri fomula za mwaka wa kwanza bila kuelewa. Mwaka wa tatu na wa nne ni usanifu: mitambo ya majisafi, majitaka, taka ngumu, hewa chafu, maji ya ardhini, tathmini ya athari kwa mazingira, na mradi wako wa mwisho.

Lakini ukichimba chini, masomo hayo yote yanasimama juu ya hesabu moja: kinachoingia, kinachotoka, kinachobadilika humo ndani, na kinachobaki. Ukiimudu hiyo, umeimudu digrii. Chukua mfano wa mabwawa ya majitaka, kama haya tuliyonayo Ilemela. Tuseme bwawa linapokea mita za ujazo 1,000 kwa siku, na BOD (oksijeni ambayo vijidudu vinaitumia kuozesha uchafu) ni miligramu 200 kwa lita. Miligramu moja kwa lita ni sawa na gramu moja kwa mita ya ujazo. Kwa hiyo kila siku zinaingia gramu 200,000, yaani kilo 200 za BOD. Shika ubadilishaji huo wa vipimo, maana maksi nyingi za mtihani zinapotelea hapo.

Kisha bwawa lenyewe. Mabwawa hupangwa kwa mfululizo. Hili la kina cha mita 1.5 hivi, ambalo mwani juu unatoa oksijeni na chini oksijeni haipo, uwezo wake unategemea joto. Fomula inayotumika sana ni 350 × (1.107 − 0.002T) ukipandisha kwa kipeo cha (T − 25), jibu likiwa kilo za BOD kwa hekta kwa siku. T ni wastani wa joto la hewa katika mwezi wa baridi kuliko yote. Kwa nyuzi 25 unapata 350, hivyo kilo 200 zinahitaji hekta 0.57. Kwa nyuzi 22 unapata kama 291, na eneo linapanda hadi hekta 0.69. Nyuzi tatu tu zimeongeza eneo kwa moja ya tano! Anayechukua joto la wastani wa mwaka mzima anajenga bwawa dogo, na miezi ya baridi ikifika harufu inaanza.

Na eneo likiwa sahihi bado bwawa linaweza kufeli. Mlango wa kuingilia ukitazamana na wa kutokea, maji yanakata njia ya mkato na sehemu kubwa ya bwawa inabaki haifanyi kazi. Mafuta ya kiwanda cha samaki yasipochujwa kiwandani yanatanda juu, mwanga haupiti, mwani unakufa na oksijeni inakwisha. Bwawa la kwanza katika mfululizo, lile lenye kina kirefu lisilo na oksijeni, tope likifikia theluthi moja ya ujazo lazima litolewe. Mwalimu mzuri atakuuliza hayo baada ya hesabu, na mwajiri atakuuliza hayo kabla ya hesabu.

Maabara usiidharau. Kipimo cha BOD kinachukua siku tano kwenye nyuzi 20, chupa ya mililita 300. Ukiweka mililita 6 za majitaka na kujaza maji ya kuchanganyia, sampuli yako ni 0.02 ya chupa. Oksijeni ikianza miligramu 7.8 kwa lita na kuishia 3.4, tofauti 4.4 gawanya kwa 0.02, BOD ni 220. Jibu linakubalika pale oksijeni iliyotumika ni angalau 2 na iliyobaki ni angalau 1. Ndiyo maana chupa zinaandaliwa tatu au nne kwa viwango tofauti vya kuchanganya. Kiputo kimoja cha hewa chini ya kizibo kinaharibu chupa. Umeme ukikatika na joto la kabati la chupa likapanda, namba inakuwa kubwa isivyo haki. Sampuli yenye klorini isipoondolewa klorini kwanza, vijidudu vinakufa na BOD inaonekana ndogo, ukadhani mtambo ni mzuri. Viwango vyetu vya taifa vinaruhusu majitaka kumwagwa yakiwa na BOD isiyozidi miligramu 30 kwa lita na COD (oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu kwa kemikali) isiyozidi 60. Ukibandika namba ya uongo hapo, anayekunywa ni mtu wa ng'ambo ya ghuba.

Kuhusu majisafi, Ziwa Victoria letu litakufundisha jambo ambalo vitabu vingi vilivyoandikwa kwa mito havikazii: mwani. Mchana mwani unanyonya hewa ya ukaa na kupandisha pH. pH ikipanda juu ya 8 klorini inapungua makali. Alfajiri oksijeni inashuka. Kwa hiyo sampuli ya saa kumi na mbili asubuhi na ya saa nane mchana, pale pale Mwaloni ufukweni, ni maji mawili tofauti. Andika saa kwenye kila chupa. Dozi ya alamu (shabu, kemikali inayokusanya uchafu kuwa mabonge) unaitafuta kwa majagi sita ya lita moja: unakoroga kwa kasi mizunguko kama 100 kwa dakika, dakika moja, unashusha hadi 30, dakika ishirini, unaacha yatulie nusu saa, kisha unapima uchafu uliobaki kwenye maji ya juu. Kumbuka kila miligramu ya alamu inakula takriban nusu miligramu ya alkaliniti (akiba ya maji inayozuia pH isishuke). Maji ya ziwa hili ni laini, hayana akiba kubwa, hivyo ukizidisha dozi pH inaanguka na mabonge hayashikani vizuri.

Vilima vyetu navyo ni somo. Kila mita 10 za mwinuko ni kama bar moja ya presha. Nyumba iliyo mita 100 juu ya pampu inadai bar 10 kabla hujahesabu msuguano, wakati bomba la PN10 (lililotengenezwa kuhimili bar 10) mwisho wake ni hapo hapo. Ndiyo sababu maji yanapandishwa kwa hatua, tenki hadi tenki. Kushuka, majitaka ya Igogo au Mabatini yanapita katikati ya mawe kwenye bomba jembamba la milimita 100. Kwa mteremko wa 1 kwa 100, likijaa, kasi ni kama mita 0.66 kwa sekunde, inatosha kujisafisha. Linaziba kwa sababu ya mchanga wa mvua na taka ngumu zinazoingizwa kwenye chemba, mara chache kwa sababu ya mteremko.

Kazi zipo, ila za serikali zinatoka kwa vipindi na waombaji ni wengi. Huku kwetu tazama MWAUWASA (mamlaka ya maji ya Mwanza), RUWASA (wakala wa maji vijijini), Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, viwanda vya samaki, migodi ya Geita, na kampuni za ushauri zinazofanya tathmini za mazingira kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Mgodini wanataka mtu wa kemia ya maji na mabwawa ya mabaki ya uchenjuaji wa madini. Mamlaka za maji wanataka mtu anayejua mtandao wa mabomba.

Kwa hiyo miezi hii ya kusubiri, pakua EPANET (programu ya kukokotoa mitandao ya maji) na QGIS (programu ya ramani), zote ni bure. Chora mtandao wa mtaa mmoja wenye kilima, weka mwinuko wa kila kona, tenki juu na matumizi ya kaya, uone presha inakwama wapi. Rudia kalkulasi ya kidato cha sita. Jifunze jedwali la kompyuta vizuri, fomula na grafu.

Ukifika mafunzo ya vitendo usikubali kukaa ofisini kupanga mafaili. Omba upelekwe kwenye mtambo, uombe daftari la kumbukumbu za kila siku, uchukue mtiririko na vipimo vya mwezi mmoja na ufanye ile hesabu ya kuingia na kutoka. Iandike kwenye logibuku (daftari la mafunzo) yako na msimamizi asaini. Baada ya kuhitimu unasajiliwa ERB kama mhandisi mhitimu, kisha kuna mafunzo ya SEAP (mpango wa ERB wa kuwalea wahandisi wahitimu kazini) ya miaka mitatu chini ya mhandisi msajiliwa. Omba mapema, na weka nakala za logibuku zote, kwa sababu hapo wanataka kuona kazi uliyoifanya kwa mikono yako.