Sukari ya minyoo sio ile ya kwenye chai: maswali yenu ya Kigoma

Swali (mama wa Kibirizi): Mwanangu anapenda sana pipi na miwa, bibi yake anasema ndo zinamletea minyoo. Kweli?

Hapana mama. Askaris, yaani minyoo mirefu ya tumboni, inaingia kwa mayai yaliyoko kwenye udongo, mikono na mboga ambazo hazijaoshwa vizuri, minyoo wachanga wa kichocho wanapenya ngozi mtu akiwa majini, pipi itamharibia meno tu. Ila sukari kweli ipo kwenye haya mambo, maana mwili wa mnyoo na mayai yake vimefunikwa na minyororo ya sukari, sio ya kulamba, ni kama nguo yake. Na sisi mwilini tuna protini zinaitwa lektini, kazi yake ni kushika sukari za aina fulani, kama fundi cherehani anavyojua kitambaa kwa kukipapasa tu.

Swali (mvuvi wa dagaa, Katonga): Nimepimwa nikakutwa na kichocho cha tumbo na sijawahi kuumwa, sasa mwili ulikuwa wapi siku zote?

Kaka pole sana, na mwili haukulala. Minyoo hao wanaishi wawili wawili, dume na jike, kwenye mishipa ya damu ya utumbo, na jike anataga mayai kama 300 kwa siku. Mengine yanatoka na choo, mengi yanabaki yamenasa, hasa kwenye ini. Sasa yai linatoa protini inaitwa omega-1, imevaa sukari, lektini ya seli ya ulinzi inaishika ile sukari na kuiingiza ndani ikidhani imekamata mwizi, kumbe ikishaingia inaivuruga ile seli isiweze kutengeneza protini zake vizuri, na seli inaanza kutoa maagizo ya ulinzi wa taratibu, sio ule wa moto mkali. Mnyoo anapata nafasi ya kuishi miaka. Lektini nyingine, galektini-3, inashika sukari ya kwenye yai na kusaidia seli kulizunguka mpaka kinatokea kinundu. Kinundu kinazuia sumu ya yai isiunguze ini, hapo mwili umefanya vizuri, lakini vikijaa miaka na miaka vinaacha makovu, ini linakuwa gumu, mtu anavimba tumbo hata kutapika damu. Kwaiyo kutoumwa kusikudanganye kaka yangu, meza dawa. (Hata nyani wa Gombe wamekutwa na kichocho hichi hichi.)

Swali (mwanafunzi, Ujiji): Maharage yana lektini, nikila mabichi yataua minyoo?

Usijaribu! Utatapika na kuharisha vibaya. Loweka, mwaga maji, chemsha mpaka yaive kabisa.

Swali (baba, Mwanga): Mayai ya kichocho cha tumbo yanatoka na choo, mbona walimpima mtoto mkojo?

Swali zuri baba. Mnyoo wa kichocho hana tundu la haja, anakula damu yetu halafu mabaki anayacheua humo humo kwenye damu, pamoja na sukari za utumbo wake. Zinachujwa kwenye figo, zinatoka na mkojo, kile kipimo cha kijiti kinazinasa. Mtoto akimeza prazikwanteli, ile dawa ya kichocho, minyoo wakubwa wakafa, ile sukari inapungua ndani ya wiki chache. Ila dawa haiwapati vizuri minyoo wachanga, na akirudi kuoga ziwani pale pale anaweza kuambukizwa tena, kwaiyo zoezi la dawa likirudi shuleni ameze tena, akiwa ameshakula.