Miungu wa Ashuru na kistari cha "mfalme-mungu"

SWALI: Katika makala moja kuhusu Waashuri wa kale nimekuta "miungu ya Waashuri ilimpa ushindi", na aya ya pili yake "miungu walimkasirikia mfalme-mungu wao". Upatanisho upi ni sahihi? (Mwalimu wa sekondari, Tanga)

JIBU: Yote mawili yanapita, mwalimu. Tunasema "mitume walikuja", hakuna asemaye "mitume ilikuja", kwa hiyo kisarufi miungu nao walistahili wa- yao. Lakini Biblia ya Union imeshatuzoesha "usiwe na miungu mingine", na anayetaka kuzisahihisha Amri Kumi atangulie yeye. Mungu ni neno la Kibantu, jamaa ya Mulungu wa Wayao. Chagua upatanisho mmoja uushikilie hadi nukta ya mwisho.

Kilichonichoma mimi ni hicho kistari. "Mfalme-mungu"! Siku hizi kila mfalme wa kale aliyechongwa na ndevu za kusokotwa anabatizwa hivyo, na mwandishi anajiona ameeleza jambo. Waashuri wenyewe wangeshangaa. Mfalme wao alipotawazwa, lililotangazwa ni kwamba Ashuru ndiye mfalme, yaani yule mungu mwenye mji wa jina lake kando ya mto Hidekeli. Aliyevikwa taji alikuwa kuhani wake mkuu na makamu wake, basi. Hata ile alama ya uungu, ishara ya maandishi yao inayoonyesha kwamba jina linalofuata ni la mungu, inayotangulia jina la mfalme Senakeribu si yake, ni ya Sin, mungu wa mwezi, ambaye jina lake limo ndani ya hilo la mfalme.

Mtazame mwanawe, Esarhadoni, aliyetawala 681–669 KK. Mwezi ulipopatwa, na waaguzi wakasema ni kifo cha mfalme, aliketishwa mtu mwingine kitini, akavikwa mavazi ya enzi, akapewa na mke, kwa muda usiozidi siku 100. Mfalme halisi akajitenga, na wataalamu wake wakawa wanamwandikia barua zinazoanza "Kwa mkulima, bwana wangu". Muda ukiisha, yule wa badala anauawa, anaondoka na balaa lake, na "mkulima" anarudi kwenye kiti chake. Mungu gani huyo anayejificha kwa kupatwa kwa mwezi, tena kwa jina la mkulima? Katika nchi nzima hakuwako mtu aliyewaogopa miungu kuliko yeye.

Andika "makamu wa Ashuru". Watu wa mwambao wangeweza hata kusema khalifa, kwa maana ile ya khalifa wa tarika anayeshika nafasi ya sheikh wake, ila najua nitapigiwa kelele, nanyamaza. Na mwenye uchu wa kistari chake ampelekee Naram-Sin, mfalme wa Akadi, aliyemtangulia Esarhadoni kwa takriban miaka 1,500. Huyo alijiwekea alama ya uungu mbele ya jina lake mwenyewe, na sina ugomvi naye.